Kisanduku Kitupu Kwenye Mstari Wangu

Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya hakuwa mtu wa makelele. Alifika kwetu kwa pikipiki, akaegesha kivulini, akasalimia kila mtu mpaka mfagiaji, akaomba maji ya kunywa, halafu akafungua rejista yangu na kuanza kushuka na kidole mstari kwa mstari, taratibu, kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Kidole kikisimama, na moyo wangu unasimama. Siku ile kilisimama mara saba.

"Dada," alisema, "hawa saba wana kifua kikuu, wanakunywa dawa. Uzito umeandika, makohozi umeandika, hata jina la balozi wao wa nyumba kumi umeandika. Lakini hapa, kwenye kisanduku cha kipimo cha virusi vya UKIMWI, hakuna kitu. Wamepima au hawajapima?"

"Wengine wamepima."

"Wengine kina nani?"

Nikainuka kumwongezea maji.

Mimi ni muuguzi. Zahanati yetu ina vyumba vitano na iko kando ya barabara ya vumbi upande wa Kharumwa, katikati ya majaruba ya mpunga na mashimo ya dhahabu. Wanaume wengi wa hapa, na wanawake si haba, kutwa nzima wanavuta vumbi la mawe: shimoni wanakochimba, au kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe mpaka yawe unga. Kwa hiyo kukohoa kwetu si habari, na kifua kikuu tunakijua. Kila anayekutwa nacho anatakiwa apimwe na virusi pia, kwa sababu magonjwa haya mawili yanapendana sana, na ukitibu moja ukaacha la pili umefanya nusu ya kazi. Nilikuwa nayajua hayo vizuri. Nimewahi kuwafundisha wahudumu wa vijiji mambo hayohayo ubaoni, kwa chaki za rangi.

Mratibu alitoa kalamu nyekundu, akaweka alama ya kuuliza kwenye visanduku saba, akashukuru kwa maji, akaondoka. Alama zake zilikuwa nzuri, za mviringo, kama ndoano saba za kuvulia sato.

Nikaanza kuwasaka watu wangu. Wawili wa kwanza sikuwasaka mbali. Walikuwa wamepimwa siku ileile ya kwanza, na mwenzangu, mama wa chumba cha ushauri nasaha, ambaye mlango wake uko hatua tatu kutoka wangu. Majibu aliyaandika vizuri kabisa, kwenye rejista ya chumba chake. Ila hatua tatu zile majibu hayakuwahi kuzitembea. Mwenzangu alidhani mimi ningekuja kuyachukua, mimi nilidhani yeye angeyaleta, na kila siku saa nne tulikunywa chai pamoja tukiongelea bei ya vitenge.

Wawili wengine walikuwa wamepima Geita mjini. Watu wetu hawapendi kupimwa na mtu wanayekutana naye sokoni. Wa hapa wanakwenda Geita, wa Geita wanakwenda Kahama, na sitashangaa nikisikia wa Kahama wanakuja kwetu. Walikuwa na karatasi zao, zimekunjwa mara nane ndani ya mifuko ya nailoni. Walinionyesha bila shida. Hakuna aliyewahi kuwaomba.

Wa tano alikuja siku ambayo vitendanishi vya kupimia vilikuwa vimekwisha. Nilimwambia atarudi vikifika. Vikafika. Mpaka nilipomfuata safari hii akapimwa, nani alikuwa amemwambia kwamba vimefika? Hakuna.

Wa sita ni mzee wa kanisa langu, ambaye Jumapili hukaa kiti cha mbele na kutukazia macho tukichelewa. Huyu sikuwahi kumwuliza. Ningemwulizaje? Nilifanya mazoezi nyumbani nikimtazama kuku. "Mzee shikamoo, je, ungependa kujua hali yako ya maambukizi?" Kuku akaondoka. Siku ya pili nilijikaza, nikamwuliza huku natazama saa ya ukutani.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Nilipima na mama yenu kabla ya mavuno, tulipokwenda kumwona mjukuu. Tuko salama. Nilikuwa nakusubiri uniulize, nikadhani labda ninyi wenyewe mna namna ya kuona kwa macho."

Akabaki mmoja.

Huyu alikuwa mtu wa karasha. Mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mikono imekakamaa, nyusi nyeupe kwa unga wa mawe hata siku za mapumziko. Amezungukia kila rashi, kila mahali watu walipowahi kukimbilia dhahabu mpya ukanda huu. Wakisema mawe yanatema huko Chato, yumo. Yakitema kwingine, yumo. Dawa za kifua kikuu alikuwa anakunywa bila kukosa, lakini kila nikimtajia kipimo kile kingine anakumbuka kwamba ameacha mashine inawaka.

Nikamfuata hukohuko. Nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai. Mama anayewapikia wale wachimbaji alikuwa pembeni anakoroga sufuria.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimia. Kwetu mwanamke mwenye heshima zake huitwa mayu, mama.

"Mwangaluka. Nimekuja kwa lile jambo letu."

Akanyanyuka, tukasogea mbali na sufuria. "Jambo letu au jambo lako?"

"La kwako. Kipimo kinachukua dakika kumi na tano. Tone moja la damu."

"Nesi, nikuulize. Wewe umepima lini?"

Sikulitegemea. Katika miaka yangu yote ya kazi nimetoboa vidole vya watu mpaka sihesabu, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Majuzi," nikasema.

"Majuzi ya lini?"

"Majuzi tu."

Akanitazama kwa zile nyusi zake nyeupe. Mtu aliyeishi na madalali wa dhahabu anaujua uongo hata ukiwa umefungwa kwenye karatasi ya zawadi. "Sawa," alisema. "Siku utakayopima nikiwa naona, na mimi nitapima. Tunaelewana?"

"Tunaelewana," nikasema, nikapanda bodaboda nikarudi, nikiwa nimekasirika kama mtu aliyekamatwa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijapima tangu ujauzito wa binti yangu wa mwisho, na binti huyo sasa yuko chuoni Mwanza. Baba yake alikuwa dereva wa malori, mtu wa Isaka na mipakani, mcheshi, mpenda watu. Alianza kukonda, akakonda miezi minane, akafa. Ndugu zake walisema ni ini. Nilikuwa muuguzi tayari. Nilijua maswali ya kuuliza na nilijua mlango wa kuyaulizia. Sikuuliza. Nilipika uji, nilifua shuka, nikasema ini, ini, mpaka na mimi nikaliamini hilo ini. Baada ya pale kila nilipofungua boksi la vitendanishi nilikuwa natoboa vidole vya wenzangu na kurudisha vyangu mfukoni mwa gauni.

Basi nikaanza kukohoa.

Mwanzo nilisema ni vumbi la barabara. Wiki ya pili nikasema ni mafua ya msimu. Nikanywa tangawizi, nikanywa chupa tatu za dawa ya kikohozi, nikahamisha kitanda mbali na dirisha. Kila asubuhi nilikuwa nasimama mbele ya benchi la wagonjwa nikiwahubiria: ukikohoa zaidi ya wiki mbili, njoo upimwe makohozi. Nikimaliza kuhubiri, ninakohoa.

Aliyenisimamisha ni yule mtu wa karasha. Alikuja kuchukua dawa zake, akaketi, akawa ananisikiliza kwa namna ya ajabu, kichwa upande, kama fundi anayesikiliza injini.

"Nane," alisema.

"Nane nini?"

"Umekohoa mara nane tangu nimeketi. Na hicho kikohozi mimi nakijua, nesi. Kinaanzia chini, kinapanda kwa hatua. Nilikuwa nacho mimi." Akanyoosha mkono juu ya meza yangu, akachukua kikopo kimoja cha makohozi kutoka kwenye boksi langu mwenyewe, akanisogezea. "Nenda nyuma ya jengo, penye hewa. Vuta pumzi ndefu mara tatu halafu kohoa kutoka ndani. Siyo mate. Makohozi."

Hayo yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Nilimwambia yeye miezi minne nyuma, nyuma ya jengo hilohilo. Nilicheka, kicheko kikageuka kikohozi cha tisa, nikachukua kikopo nikaenda.

Sampuli zetu huchukuliwa na bodaboda mpaka hospitali ya wilaya. Kwenye fomu niliandika jina langu la ubatizo na la babu, ambayo kazini hayajulikani. Siku mbili baadaye simu ya zahanati ikaita, nikapokea mimi.

"Dada habari," alisema mtu wa maabara. "Kuna mgonjwa wako mmoja ana vimelea vya kifua kikuu. Mtafute haraka kabla hajapotea machimboni."

"Nimeshampata," nikasema.

"Mmh! Ninyi mnafanya kazi kwa kasi sana."

Mganga mfawidhi wetu, mkuu wa zahanati, ni kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Ananiita mama na kila asubuhi ananipa shikamoo kwa kuinama kidogo. Yeye ndiye aliyeniandikisha. Alifunga mlango, akafungua rejista yangu, akajaza jina lilelile la kwenye fomu, umri, kijiji, uzito. Uzito ulinisikitisha, nilidhani gauni lilikuwa limetanuka. Akaenda hivyo mpaka akafika kwenye kile kisanduku. Kalamu ikasimama hewani. Akatazama kisanduku, akatazama dirisha.

"Mama," alisema, "hii tutaijaza baadaye."

"Haya, baba," nikasema upesi, kabla hajabadilisha mawazo.

Hiyo baadaye ilidumu wiki tano. Sijawahi kuona zahanati yenye watu wenye shughuli nyingi kama yetu katika wiki hizo. Mfawidhi nikiingia anatoka kwenda kuangalia tanki la maji. Tanki lile liliangaliwa kuliko mgonjwa yeyote. Mwenzangu wa ushauri nasaha, ambaye kuwauliza watu swali hilo ndiyo kazi yake na ndiyo mshahara wake, alikuwa ananiuliza habari za binti, habari za mpunga, habari za mbwa. Nilimwona mara mbili anafungua mdomo, mara mbili akauziba kwa andazi. Na mimi nilikuwa nawasaidia. Nikiona swali linakuja, nakumbuka chanjo zinazohitaji kuhamishwa friji.

Mgonjwa akikataa, unaandika amekataa. Vitendanishi vikikosekana, unaandika vimekosekana. Kwetu sisi hakuna aliyekataa na vitendanishi vilijaa kabati. Tulikuwa tunaheshimiana tu. Nikawa nakumbuka visanduku vyote nilivyowahi kuviacha wazi miaka ya nyuma, walimu, wachungaji, mjane wa diwani, watu niliowaonea haya, na nikajiuliza ni wangapi kati yao walikwenda nyumbani wakinishukuru kimoyomoyo kwa kutowauliza, kama nilivyokuwa namshukuru yule kijana.

Dawa zenyewe nilikunywa. Mkojo ukawa mwekundu kama soda, jambo ambalo nimewaonya wagonjwa wote na bado siku ya kwanza lilinifanya nishike ukuta wa choo. Baada ya wiki mbili za mwanzo, ambazo nilikaa nyumbani, nilirudi kazini na barakoa, na homa ya jioni ikaniacha.

Mratibu akarudi. Kivuli, salamu, maji, kidole. Kidole kikashuka mstari kwa mstari mpaka karibu na mwisho wa ukurasa, na uso wake ukawa unafunguka. Wale saba, sita wamejazwa, mmoja ameandikiwa "amekataa". Alikuwa karibu kutabasamu kidole kiliposimama.

"Mmepiga hatua kubwa," alisema. "Ila kuna huyu mama mmoja, miaka arobaini na tisa. Wiki ya tano ya dawa, hajapimwa. Huyu naye anaishi mbali?"

Mfawidhi alitazama dari. Dari yetu haina kitu cha kutazama.

"Haishi mbali," nikasema. "Ni mimi."

Mratibu aliondoa kidole kwenye ule mstari kama aliyegusa sufuria ya moto. Akafunga rejista. Akakohoa, ingawa hakuwa na kikohozi. "Aa. Pole sana, dada. Basi hakuna haraka, hii mtaijaza ..."

"Usiseme baadaye," nikasema.

Hata mimi nilishtuka kwa sauti yangu. Mtu wa kalamu nyekundu! Aliyenisumbua kwa alama saba! Na yeye alikuwa anatafuta njia ya kutoka, macho yakiwa kwenye kofia yake ya pikipiki. Sikumkasirikia. Niliona tu kwamba kama yeye akishindwa kuniuliza, basi hapa duniani hakuna mwingine atakayekuja kuniuliza, na nitamaliza dozi ya miezi sita na kisanduku changu kitabaki cheupe mpaka rejista ile iliwe na mchwa.

Nikatoka nje. Mtu wa karasha alikuwa kwenye benchi anasubiri dawa zake.

"Bado unakumbuka tulivyoelewana?" nikamwuliza.

Akajipukuta unga wa mawe. "Ni sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Ningejua ningevaa shati jipya," alisema, akasimama.

Mwenzangu wa ushauri nasaha alipotuona tumeingia wawili aliweka andazi chini. Nilimweleza kwamba tunataka kupimwa, kila mtu atapewa majibu yake peke yake, na tumekubaliana wenyewe. Ukazuka ubishi wa nani aanze. Mtu wa karasha alisema mama aanze. Mimi nilisema mgonjwa aanze. Akasema sote wagonjwa. Nikasema yeye ni mgonjwa wa zamani. Mwisho mwenzangu alichoka, akatoboa kidole kilichokuwa karibu naye, na kilikuwa changu. Niliruka. Nimewaambia maelfu ya watu kwamba haiumi, naomba radhi kwao wote.

Mtu wa karasha naye akatobolewa, tukakaa nje kusubiri zile dakika kumi na tano.

"Mimi najua jibu langu," alisema mtu wa karasha. "Nimelijua miaka."

"Umelijuaje?"

"Nesi, wewe hukuniona kwenye zile rashi za dhahabu. Tulipopata dhahabu tulikuwa wafalme kwa wiki moja. Na wenzangu wale tuliokuwa tunatembea nao, nusu wamekufa." Akasugua mikono. "Yule mama anayetupikia. Miaka mitatu ananiuliza kwa nini tusiishi pamoja. Ananiwekea minofu, wenzangu anawapa mifupa. Namwambia mimi ni mtu wa kuhamahama. Sihami, nesi. Nimechoka kuhama. Naogopa kumwua."

Nilimwambia kuhusu lile ini. Nilikuwa sijamwambia mtu, na sijui kwa nini nilimwambia yeye, mwanaume mwenye unga wa mawe masikioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mmh," basi.

Aliitwa yeye kwanza. Akatoka na uso wa mtu aliyeibiwa baiskeli.

"Sina," alisema.

"Huna?"

"Amenionyesha. Mstari mmoja. Sina kitu. Amesema nirudie baada ya miezi mitatu lakini sina."

"Hongera!"

"Hongera ya nini? Sasa yule mama nitamwambia nini?" Akakaa chini kwa nguvu, benchi likalia. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Sikumtazama, nilimwachia nafasi yake.

Mimi nilipoingia, nilijua kwa jinsi mwenzangu alivyopanga vitu mezani. Kitepe cha kwanza mistari miwili. Kipimo cha pili, cha kuthibitisha, mistari miwili. Alianza vizuri, "Kama tulivyozungumza kabla ya kupima ...", halafu akalia. Alilia kwa kwikwi, ile ya kuvuta kamasi. Ikabidi nisogeze kiti changu upande wake.

"Sikiliza, mdogo wangu," nikamwambia. "Haya si mwisho wa maisha. Siku hizi dawa zipo, kidonge kimoja kwa siku, na anayekunywa vizuri virusi vinafubaa mpaka kipimo hakivioni. Anaishi miaka yake yote. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema.

"Una swali lolote?"

Akatikisa kichwa, kisha akagundua tunachofanya, akaanza kucheka huku analia, na mimi nikacheka, na baadaye kidogo nikalia. Nililia kwa ajili ya mume wangu kuliko mimi. Angekuwepo. Kidonge kimoja kwa siku, na angekuwepo hapa anachekesha watu.

Mfawidhi alijaza kisanduku. Nilimwambia nataka kuona anavyoandika. Alama yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama na ilimchukua muda mrefu. Kisha akasema, "Samahani, mama. Ningekuuliza siku ya kwanza, ungekuwa umeanza dawa za virusi wiki mbili tu baada ya zile za kifua, yaani wiki tatu zilizopita." Ni kweli kabisa, na nilimpenda kwa kulisema. Tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba swali lile litaulizwa kwa kila mtu siku ya kwanza, kwa sauti ileile ya kuuliza uzito, awe mchungaji au mchimbaji. Na kila Ijumaa mwenzangu na mimi tunaweka rejista zetu mbili pamoja mezani na kulinganisha mistari, kabla ya chai. Mratibu anasema taarifa yetu ya robo mwaka sasa inakwenda mkoani bila mapengo. Ile ya robo ya kwanza niliijumlisha mwenyewe. Nilipofika kwenye safu ya waliokutwa na maambukizi, nilijihesabu. Inaleta hisia ya ajabu kujihesabu, kama kujipigia simu.

Nisijifanye shujaa. Dawa za virusi sikuzichukulia kwetu mara moja. Nilipanda basi nikaenda Geita, nimejifunga mtandio mpaka puani. Kwenye benchi la kliniki nilikuta mtu wa mtaani kwetu, naye kajifunga. Tulitazamana.

"Nimekuja kumwona ndugu," alisema.

"Na mimi pia," nikasema.

Tukaitwa mmoja mmoja, tukachukua dawa za ndugu zetu, tukarudi basi moja, viti vya mbalimbali. Mwezi uliofuata nilichoka na upuuzi huo. Nikahamia zahanati kwetu, mlango wa mwenzangu, hatua tatu.

Kila mgonjwa wa kifua kikuu anatakiwa awe na msimamizi, mtu wa kuhakikisha anakunywa dawa. Mpaka siku ile ya kupima nilikuwa nimejiandika mimi mwenyewe, jambo ambalo haliruhusiwi. Mtu wa karasha alipolijua hilo alikataa kabisa. Alijiteua. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine alipita kwangu, akasimama uani, akasubiri niweke vidonge mdomoni na kumeza maji.

"Fungua mdomo," anasema.

"Mimi ni muuguzi wa miaka ishirini na tano!"

"Nyanyua ulimi."

Hata Jumapili alikuja. Mzee wa kanisa alimkuta siku moja ananikagua, akapita, na ibadani akatuombea wote tulio na majaribu. Nadhani alielewa vibaya, lakini maombi yenyewe yalitosha.

Binti yangu alipokuja likizo nilimwambia. Tulikuwa tunachambua dagaa wa Nkome kwenye ungo, tunatoa mchanga. Nilisema yote mfululizo, kifua, virusi, baba yake. Mikono yake haikusimama. Dagaa wengi walipita.

"Baba alijua?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Sikumwuliza."

Aliendelea kuchambua. Kisha akasogea mpaka bega lake likagusa langu, akaniambia ninakula dagaa wachache mno kwa mtu mwenye dawa nzito, na kuanzia siku ile akawa ananijazia sahani kama ananipeleka mnadani. Kesho yake akaniomba nimwonyeshe chumba cha mwenzangu. Alitoka na mstari wake mmoja. Jioni nilimsikia chumbani analia, nikagonga, akafungua.

Makohozi yangu ya mwisho yalikuwa safi. Mtu wa karasha alishamaliza dozi yake kabla yangu, akarudia kipimo chake baada ya miezi mitatu, akapata mstari mmoja tena, na hapo visingizio vikamwishia. Alikuja na yule mama wa sufuria kupima pamoja, na ndoa ikatangazwa. Sherehe ilifanyika mchana chini ya turubai karibu na machimbo, na kwa saa chache karasha zote zilizimwa. Nilikuwa sijawahi kusikia ukimya pale. Walinikalisha meza ya mbele, bibi harusi akanichagulia minofu.

Bwana harusi aliposimama kutambulisha wageni, nyusi zake kwa mara ya kwanza zilikuwa nyeusi, alinionyesha kwa mkono mzima.

"Na huyu," alisema, "ni mgonjwa wangu."

Watu wakaangua kicheko, wakidhani furaha imemchanganya maneno. Mmoja akampigia kelele kumsahihisha. Nikasimama, nikapunga mkono, nikaketi, nikaendelea na pilau.